Kroniki za bamonaki ba Uingereza: namna gani ya kuona raia mudogo mule ndani?

Mwana_Kadutu (Bukavu)
Jambo bayaya na bandugu. Niko naandika travay yangu ya mwisho wa mwaka mu histware, sije ni jamii ya Uingereza mu Zama za Kati. Profesa alinipa bipande bya kroniki (bitabu bya zamani bya kuandika mambo yenye ilipita, mwaka kwa mwaka) akasema nisome alafu nitoe mule maisha ya mukulima wa kawaida. Sasa minasoma, minasoma, kila ukurasa ni mufalme, askofu, abati (mukubwa wa monasteri), vita, nyota yenye mukia, tena abati. Mukulima anatokea tu siku yenye ameiba ao ameasi. Angalia ule Thomas Walsingham, mumonaki wa St Albans, pale anaelezea uasi wa bakulima wa 1381, batu ba bijiji kwake ni bashenzi tu, kichwa haiko. Asistanti wetu anasema kroniki ni masemi ya bakubwa, afazali nitupe yote nikamate rejista za mashamba na za tribinali za kijiji. Mwenzangu wa odituware naye anasema bila kroniki sina travay. Nimebakia katikati, na imebakia wiki tatu tu, na umeme kwetu unarudia usiku pale batu wamelala. Munisaidie.

Yaya_wa_Nguba (Bukavu)
Mudogo, usitupe ata ukurasa moya. Asistanti wako iko na haki lakini nusu. Mumonaki hakukuwaka mushahidi wa pembeni, alikuwaka mwenye kesi, juu monasteri yake njo ilikuwaka na mashamba, na soko, na mashini ya kusaga, na baserfu (bakulima benye hawako huru, benye kufungwa kwa shamba ya bwana) ba kuilimia. Basi musikilize vile unasikilizaka tajiri mwenye anaelezea kwa nini alifukuza mupangaji.

Nikupe moya yenye mi hupendaka kufundisha. Jocelin wa Brakelond, mumonaki wa Bury St Edmunds, aliandika kuhusu abati wake Samson, mwenye alichaguliwa 1182. Karibu mwaka 1191 kuko dekani moya, Herbert, akajenga mashini ya kusaga yenye inazungushwa na upepo. Wakati ule ile mashini ya upepo ilikuwa kintu kipya kabisa kule. Samson kusikia, hasira ikamupanda mpaka karibu ashindwe kula na kusema. Akatuma batu baende kubomoa. Herbert akakimbia kujitetea, akasema upepo ni wa bure, hakuna mutu wa kunyimwa upepo, tena mi ninataka kusaga nafaka yangu tu, siko nataka ya jirani. Abati akamujibu eti nakushukuru sawa vile ningekushukuru kama ungenikata miguu yote mbili, na akaapa kwa uso wa Mungu hatakula mukate mpaka ile nyumba iko chini. Alafu akatoa sababu, na hapa njo ufungue macho: akasema batu ba muji bataanza kuja kwako kusaga vile banapenda, na mi sitakuwa na haki ya kubakataza juu ni batu huru. Herbert akarudi kwake akabomoa yeye mwenyewe mbio mbio, batumishi ba abati kufika bakakuta hakuna kintu ya kubomoa.

Sasa Jocelin hakuandika ile ili atufundishe uchumi, hapana, alitaka tuone abati wake iko mwanaume. Lakini bila kujua ametuambia kama kusaga kulikuwa mali ya bwana, kama serfu alilazimishwa kusagia kwa bwana lakini mutu wa muji hapana, na kama abati aliogopa makuta itahama. Rejista gani ingekupa ile hasira?

Mwana_Kadutu (Bukavu)
Yaya aksanti sana, nimecheka ile ya miguu. Lakini huyu Herbert ni dekani, ni mukubwa naye. Mi natafuta mutu wa chini kabisa kabisa.

Mutoto_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Shi urudilie Walsingham wako, ule ule mwenye unamuchukia. Pale St Albans batu balikuwa banalazimishwa kusagia paka kwa mashini ya abati, na kila safari unaacha kipimo ya nafaka kama malipo. Bamoya bakajificha na majiwe ya kusagia kwa mukono mu nyumba zabo. Abati Richard wa Wallingford (fundi mukubwa wa mambo ya nyota huyu, alitengeneza ata saa ya ajabu, akili ilikuwa mingi lakini huruma hapana) akabanyanganya ile majiwe yote, akaitandika chini ikakuwa sakafu ya chumba mu monasteri yake. Waza tu, we mutu unaenda kumuona abati na unakanyaga jiwe ya mama yako.

Ikapita kama miaka 50. 1381 uasi unafika, batu banaingia mule chumba, banangoa majiwe, banaivunja bipande bipande alafu banagawiana, kila mutu na kake, vile banagawiaka mukate wa baraka mu kanisa siku ya Mungu. Huyu aliandika ile ni Walsingham, na aliandika na hasira, kwake ni wendawazimu na kukufuru. Lakini mi nikisoma naona batu benye walikumbuka jiwe ya babu yabo miaka 50 yote. Rejista ya tribinali ingekuambia tu fulani amelipa faini juu alisagia kwake. Basi. Faini na tarehe.

Tena muambie asistanti wako, na heshima, ile rejista aliandika nani? Karani wa bwana huyo huyo.

Kama unataka kulinganisha, huku kwetu Lubumbashi tuko na kroniki yenye haikutoka kwa bakubwa. Mu 1965 baboyi ba zamani, benye walipikiaka na kufulia Bazungu, balitengeneza historia ya Elisabethville (jina ya zamani ya Lubumbashi) mu Kiswahili chetu hiki hiki, mwenye kuiandika ni André Yav, na mu 1990 Johannes Fabian akaitoa mu kitabu pamoja na tafsiri. Usiwaze basi juu inatoka chini haina upande. Iko nao, na iko na hasira yake. Lakini pale njo utaona vile kroniki inageuka wakati kalamu iko mukononi mwa boyi.

Mama_Arshivi (Goma)
Mwanangu, waliokutangulia wamesema vizuri, mimi naongeza mbili tu. Ya kwanza, tarehe. Uliza kila mara aliandika lini na alikuwa fasi gani. Kroniki ya Peterborough chini ya mwaka 1137 inaelezea mateso ya wakati wa mufalme Stephen, wenye nguvu wanajenga ngome, wanatesa watu ili watoe mali, wanatoza vijiji kodi ya kulindwa na kodi ile ina ata jina lake, *tenserie*, na wakati kijiji hakina tena cha kutoa wanakichoma. Watu wakasema wazi kama Kristo na watakatifu wake wamelala. Lakini yule mumonaki aliandika nyuma, wakati Stephen ameisha kufa mu 1154, kwa hiyo miaka 19 yote ameikunja mu mwaka moja. Mimi wa Goma nilisoma pale nikafunga kitabu kidogo.

Ya pili, angalia pale analalamika. Henry Knighton wa Leicester, naye mwandishi wa kroniki, nyuma ya tauni ya 1348 na 1349, anakasirika kama wafanyakazi wamekuwa na kiburi, hawasikii amri ya mufalme, ukitaka mutu wa kuvuna ni umupe makuta yenye anataka ao mavuno yako ioze. Kwake ni kiburi. Kwangu ni watu waliobaki wachache wakajua bei yao, na ndiyo maana sheria ya 1351 ililazimisha mishahara irudi pale ilikuwa mbele ya tauni. Pale sasa ndiyo ukamate rejista uone kama waliitii.

Mwana_Kadutu (Bukavu)
Aksanti Mama, aksanti bayaya. Nimeamua, nafuta ile mupango yote ya sura tano, nafanya paka mambo ya kusaga: Bury, St Albans, na faini. Na kesho asubui napita kwa mashini ya kusaga ya kwetu niulize kwa sahani moya ya muhogo banakamata ngapi, nione kama itaingia mu utangulizi. Title nimeweka "Kinu na bwana".

Yaya_wa_Nguba (Bukavu)
Ile title badilisha. Ukisema kinu hapa Bukavu, profesa atawaza ni mama iko anatwanga sombe.