Mrejesho: mayai ya samaki pundamilia (zebrafish, samaki wadogo wa maabara) yaliyokuwa yananifia Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Ni mimi niliyeuliza mwezi wa sita kwa nini mayai yananifia kabla mkia haujaanza kutikisika, nami nataka kufuatilia ukuaji wa mishipa ya fahamu.

Mkuu uliyenitahadharisha juu ya floraidi (madini yaliyomo kwenye maji ya ardhini huku), maji ya kisima nimeacha. Natumia yaliyotoneshwa (distilled), yenye chumvi kidogo, kalsiamu na magnesiamu. Na kwa ile baridi ya usiku, inkubeta (sanduku la kutunzia joto) sasa iko nyuzi 28.5. Kipi kiliniokoa siwezi kusema, nilibadilisha vyote siku moja (ujinga wangu). Ila saa 24 baada ya mayai kurutubishwa mkia unajikunja wenyewe, siku ya tatu wanatotoka. Dada uliyenishauri kutoa mayai yaliyokufa kila asubuhi, ubarikiwe, ukungu kwisha.

Kukata ugwe mgongo (kamba ya fahamu ipitayo mgongoni), nione kama inajiunga tena, ndiko kumenishinda nusu. Kati ya vifaranga 20 wa siku tatu, 13 walikufa, na chini ya hadubini nikaona sindano imepenya hadi kwenye notokodi (kijiti laini kinachoshikilia mwili, chini ya ugwe). Saba waliobaki waliburuta mkia; baada ya siku mbili wanne wakaogelea tena! Anayejaribu, aishie juu juu, na ganzi ikolee kwanza.