Naomba ushauri: vipuri vya jeshi kwa printa za 3D

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu ugavi jeshini na nimekwama kwenye sura ya vipuri.

Mfano wangu mkuu ni USS Bataan, meli ya kivita ya Marekani iliyofungwa mwaka 2022 printa ya 3D, yaani mashine inayojenga kipande cha metali tabaka kwa tabaka. Mwaka uliofuata mabaharia wake walijitengenezea kipande cha kompresa ya hewa humohumo melini. Msimamizi wangu hakuridhika: anasema waya au unga wa metali unaotumika kuchapa nao husafirishwa, kwa hiyo mzigo umebadilika sura tu. Ana hoja.

Nimejaribu kupanga vipuri kwa muda wa kusubiri na mara vinavyoagizwa. Vinavyoagizwa kwa nadra na kuchelewa kufika ndivyo vinaonekana kufaa, lakini baadhi ni vya injini, na huko ufa usioonekana kwa macho unaweza kuua watu. Hapa ndipo naumia kichwa.

Naombeni mnisaidie: niongeze kigezo gani katika kuchagua vipuri vya kuchapa? Na kipuri kilichochapwa mbali na kiwanda hukaguliwaje ndani pasipo mashine kubwa ya eksirei? Waliofanya matengenezo ya ndege au meli, nawasubiri kwa hamu.