Fundi kanipa BOKSI! Kipande cha boksi la vigae!

Wakuu, naandika mikono bado ina oili, na atakayeniambia nitulie tutagombana naye pia.

Yule fundi. Sitaji jina, mnamjua, kila mwenye Volkswagen Beetle mji huu ameshamwachia hela akatoka pale anavuja zaidi. Nimempelekea kobe wangu wa 1968, anavuja pale injini inapokutana na giaboksi. Hajainama. Nasema HAJAINAMA. Kasimama na soda mkononi: "Hiyo sili ya flaiwili, mzee. Tunashusha injini." Yaani ule mpira wa kuzuia oili kwenye gurudumu zito la chuma kati ya injini na giaboksi. Haya, shusha. Nikalipa ya kushusha, ya sili, ya kupandisha, na hela ya vijana ambao muda wote walikuwa chini ya mwembe wanaangalia mpira kwenye simu.

Leo nafuata gari. Nawasha, nachungulia uvunguni. Tone. Tone lingine. Ziwa Rukwa. Namwita, anakuja kwa mwendo wa bwana harusi, anaangalia, anaingia ndani. Nikajua kafuata spana. Katoka na KIPANDE CHA BOKSI. "Mzee, ukifika nyumbani tandika hii chini, usichafue sakafu. Hizi gari zisipovuja ndiyo uogope."

Boksi! Mbele ya vijana wake! Mama muuza mihogo kacheka mpaka kashika meza. Na boksi lenyewe lilishatumika, lina madoa ya oili ya mteja mwingine!

Hata kuosha injini hakuosha. Feni ile inapeperusha oili kila kona. Tone unaloliokota chini karibu na flaiwili linaweza kuwa limetoka juu kabisa, kwenye sili za kipoza oili, likateremka kimyakimya. Unaosha, unakausha, unanyunyiza poda ya mtoto, unawasha, unatazama poda inaanza kulowa wapi. Poda ya mtoto, wakuu! Yeye kaona rahisi kushusha injini nzima. Na kile kisahani cha chujio la oili chini ya injini, chenye nati sita ndogo, kinataka gasketi mbili, washa za shaba na mkono mwepesi. Yeye kakimwagia silikoni nyekundu mpaka imetokeza pembeni, ikimeguka ndani iende kuziba chujio.

Halafu ananipa boksi.

SpanaKumiNaTatu: Ulinusa lakini? Oili ya giaboksi inanuka yai viza. Shafti ya giaboksi ina sili yake pale pale, inawezekana injini inasingiziwa.

Mleta uzi: Ni ya injini, nyeusi tii. Usinihamishe kwenye boksi.

Mzee wa Tapeti: Krenki, ile shafti kuu ya injini, inacheza kiasi gani, alipima? Inatakiwa milimita 0.07 hadi 0.13, ndiyo kazi ya zile shimu tatu, ringi nyembamba za chuma, ndani ya flaiwili. Krenki ikienda mbele nyuma, hata uweke sili ya dhahabu itavuja.

Chura Mkavu: Apime na nini? Yule anapima kwa goti.

Nipo Paleee: Gari ya 1968 unataka isivuje, wewe wa 1968 huvuji?

Mleta uzi: Mods, huyu apigwe ban.

Tajiri Mtarajiwa: Nunua Toyota IST ulale usingizi.

Mzee wa Tapeti: Kijana, heshima. Beetle ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962.

Nipo Paleee: Ilishinda kwa sababu waliokuwa nyuma waliteleza kwenye oili yake.

Mama Pacha: 😂😂😂 nimemwaga chai

Chura Mkavu: Bora yenu inavuja mnaiona. Yangu haidondoshi hata tone, inaila yenyewe humo ndani. Nikiwasha asubuhi jirani anafunga madirisha, moshi wa bluu mtaa mzima. Fundi kaniambia "ongeza tu."

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa boksi.

Mama Pacha: Mafundi wote baba yao mmoja. Wa cherehani kachukua kitambaa changu cha harusi ya wifi, kila nikipiga simu "kimebaki vifungo tu." Wifi ameshajifungua.

SpanaKumiNaTatu: Mimi kanishonea suruali miguu tofauti, mmoja wangu, mwingine sijui wa nani.

Tajiri Mtarajiwa: Huyo si yule wa karibu na msikiti, mwenye kibao cha bluu?

Mama Pacha: HUYOHUYO!

Tajiri Mtarajiwa: Ana kanzu yangu ya Idi. Siulizi tena Idi ya mwaka gani.

Mama Pacha: Twendeni kesho saa nne, wote kwa pamoja. Asije akatokea mlango wa nyuma.

SpanaKumiNaTatu: Mlango wa nyuma nakaa mimi.