Wana wa Bi Zuhura: sukari ya Ami

Mwanaisha: Assalaam alaykum. Baba kafanyiwa kemo jana, zile dawa za saratani yake ya mapafu. Leo asubuhi sukari ilikuwa 8.1. Sai magharibi nimempima: 19.4! Anakunywa maji hayakomi, na chooni haishi.

Shangazi Rehema: Waalaykum salaam. Hiyo mashine imeharibika.

Khadija: Mashine nzima, shangazi. Mwanaisha, kapewa vidonge vya kuzuia kutapika? Nisomee jina.

Mwanaisha: Deksamethasoni. Kameza baada ya chai ya asubuhi.

Khadija: Ndiyo hiyo. Ni steroidi. Ukiimeza asubuhi, sukari hupanda mchana mpaka usiku, alfajiri ishashuka. Mkipima asubuhi peke yake mtadhani mambo shwari. Mpigie daktari wake sasa hivi, mtajie namba zote mbili.

Swaleh: Mimi naona dawa za sukari zisimame kwanza. Ami anameza vidonge vingi mno.

Khadija: La, Swaleh! Kemo hupunguza chembe nyeupe za damu. Sukari nayo ikikaa juu, mwili hushindwa kupigana na maradhi, na mapafu yake ndiyo hayo. Tafiti nyingi zimeona wenye saratani ya mapafu walio na kisukari huishi muda mfupi kidogo kuliko wasio nacho. Iko moja ya Norwei, 2011, iliyoona kinyume. Uvimbe tumewaachia madaktari, lakini sukari iko mikononi mwetu hapo nyumbani.

Shangazi Rehema: Mimi niliambiwa sukari ndiyo chakula cha saratani. Tangu Ijumaa nampa supu tupu. Wali nimemkataza, hata muhogo.

Khadija: Shangazi yangu, najua ni mapenzi. Lakini kakonda, na insulini anadunga ile ile. Asipokula, sukari yaweza kushuka chini ya 4 usiku: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Mpe samaki, mchicha, wali kidogo. Cha kuacha ni soda na kaimati.

Shangazi Rehema: Astaghfirullah. Sikujua, mwanangu. Nakuja na changu wa kupaka.

Mwanaisha: Daktari kapokea, alhamdulillah. Kaongeza insulini ya mchana kwa siku za steroidi tu. Homa ikifika 38 twende hospitali usiku huo huo.

Mwanaisha: Saa 4 usiku: 12.6.

Shangazi Rehema: Kala kipande kizima, nimemtoa miba kwa mkono wangu. Sasa kalala.