Tupeane uzoefu: muvi za kung fu za bajeti ndogo, unazifaidije?

Wakuu, mbele za watu tunasifia muvi kubwa za Marekani, usiku tunafungia mlango na ninja wa miaka ya 1980. Sioni cha kuonea aibu hapo. Tupeane mbinu za kuzitazama.

Mdau wa Temeke
Anzeni na mwongozaji Godfrey Ho wa Hong Kong. Kampuni ya IFD aliyokuwa anaifanyia kazi ilikuwa inachukua muvi isiyovuma ya Thailand, Korea au Taiwan, inapiga vipande vichache vya ninja wazungu, inaunga na kuingiza sauti upya. Ndiyo maana hadithi haikamatiki. Achana nayo, tafuta mshono: ninja na wale wa muvi ya zamani hawakai kwenye picha moja, wanaongea kwa simu tu, na rangi inabadilika ghafla. Richard Harrison, yule Mmarekani, vipande vyake vilikatwakatwa vikatawanywa kwenye muvi kibao.

Mdau wa Kinondoni
Kasi ya mapigo nayo ina siri. Kamera inapiga picha 20 kwa sekunde, ukumbini zinaonyeshwa 24. Pambano la sekunde 10 linakwisha kwa 8 na kidogo. Wakishuka hadi 16, watu wanarukaruka kama kuku. Msiangalie mikono, angalieni vumbi na nguo: vikianguka haraka mno, picha imeharakishwa, mmeshawakamata. Steringi anayejua kweli anaachwa apige mapigo sita, saba bila picha kukatwa, na miguu yake inaonekana.

Mdau wa Mbagala
Majina kwenye kava yasiwazuzue. Bruce Lee alifariki 20 Julai 1973, wakafuata waigaji wake: Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee. Bruce Li ni Ho Chung-tao wa Taiwan, na jamaa anajua kupiga. Mtazameni kama yeye, mtamfurahia zaidi.

Mdau wa Kariakoo
Kabla ya kulipia, peleka mbele mpaka kwenye pambano. Shaw Brothers, studio ya Hong Kong, walipiga nyingi kwa picha pana, upana 2.35 kwa kimo 1. Zilipokatwa zienee kwenye tv ya 4 kwa 3, zaidi ya asilimia 40 ya picha ilipotea. Ukiona ngumi inaingia kutoka pembeni haina mwenyewe, hiyo kopi iache. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4. Sauti ikitoka bila picha kwenye tv ya zamani, mara nyingi video imebanwa kwa mfumo mpya wa H.265, omba ya mfumo wa zamani, H.264.

Mdau wa Temeke
Na zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kama za yule mtafsiri Lufufu?

Mdau wa Kariakoo
Punguza besi, sauti ya mtafsiri ipande juu ya muziki. Wanaosema tafsiri inaharibu muvi wanakosea. Hong Kong enzi hizo walipiga picha bila sauti, maneno yakaingizwa studio baadaye, hata ya Kichina. Midomo haikulingana tangu huko kwao.