Mwarobaini au sindano: maafisa mifugo wafundishe dawa za miti?

Wa Machame: Wakuu, kwenye mkutano wa kijiji bwana mifugo katuambia tuache kunywesha kuku mwarobaini na shubiri, tununue chanjo. Sasa sindano ya ng'ombe ukijumlisha na nauli yake, hela ya pumba imeisha. Kwa nini serikali isimfundishe na dawa za miti zinazofaa, naye atufundishe?

Kuku Kibosho: Kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, kinaletwa na kirusi, mkuu. Hakina tiba, ya duka wala ya mti. Ni chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu, basi. Mwarobaini utamfanya kuku afe na mdomo mchungu.

Ngaramtoni Juu: Mfugaji wa simu huyo. Yuko Dar, Desemba ndiyo anapanda kuja kuhesabu mbuzi wa mama yake.

Kuku Kibosho: Dar ipi? Saa kumi na moja alfajiri niko mgombani nakata majani. Wewe umefuga nini zaidi ya mbwa?

Bibi wa Usa River: Jamani wajukuu. Mimi nimepanda utupa pembezoni mwa shamba. Natwanga majani, naloweka usiku kucha, nachuja, namsugua ng'ombe masikioni na chini ya mkia. Kupe wanadondoka. Na kupe wa masikioni ndiye mwenye ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Ila makapi msimwage mtoni, ndio utupa ule ule wa kuvulia samaki.

Ngaramtoni Juu: Shikamoo bibi. Umenena. Lakini huyu anakuja Desemba au haji?

Chai ya Maziwa: Mnahesabiana Desemba! Ng'ombe akichomwa OTC, ile antibiotiki, chupa imeandika siku za kumwaga maziwa. Nani hapa anamwaga? Tunayanywa sisi wa Arusha mjini. Bora miti.

Bibi wa Usa River: Marahaba. Na sumu inayoua samaki, wewe nani kakupimia kama haiingii kwenye maziwa?

Chai ya Maziwa: Bibi, si wewe unayeipaka?

Bibi wa Usa River: Napaka nikishakamua, na chuchu siigusi. Usinisemee.

Wa Machame: Mimi niliuliza habari ya bwana mifugo...

Kuku Kibosho: Subiri kwanza. Ngaramtoni, Jumapili njoo Kibosho uone banda. Na mbwa wako mlete, tumchanje kichaa.

Ngaramtoni Juu: Nakuja. Mbege iwepo.