Papa ameacha daftari 31 na michoro ya vita vya Katanga. Mnunuzi anataka michoro tu. Nifanyeje?

Mwana-Kamalondo (mwanzisha uzi), Lubumbashi

Jambo yenu wote. Papa alitutoka mwezi wa tatu. Alikuwa mwalimu wa historia, na mambo yake makubwa yalikuwa vita. Si kupigana, kuandika. Jumapili akitoka misa alipita kwa wazee waliokuwa askari: wale wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliofika mpaka Saïo, kule Ethiopia, 1941, na wale wa jandarmeri, jeshi la Katanga ilipojitenga na Kongo. Anakaa nao kivulini, anauliza, anaandika. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka, tunasema papa ameenda kwenye muziki wake.

Sasa tumefungua sanduku lake la bati. Daftari 31. Chini yake michoro 46 aliyochora akiwa kijana wa miaka 15, mji huu ukiitwa Elisabethville. Penseli na wino wa shule, nyuma ya karatasi za bili za duka. Kuna Posta ina matundu ya risasi, tarehe 13 Septemba 1961, askari wa Kihindi wa ONU (Umoja wa Mataifa) walipoiteka. Kuna ndege ile ya vita ya Katanga, Fouga, iliyokuwa inawakimbiza ONU peke yake. Ninaoupenda mimi ni wa mwanamke amebeba cherehani kichwani, nyuma yake mtoto ameshika sufuria mdomo chini. Mtoto ana mguu mmoja tu. Karatasi iliishia pale.

Shida ni hii. Kaka yangu mkubwa amepata mtu wa Ulaya anayetoa dola 1,500 kwa michoro. Daftari hazitaki, anasema ni maandishi tu. Paa la nyumba linavuja na mvua ziko karibu, kwa hiyo kaka simlaumu. Halafu bunda moja limeshika unyevu, karatasi zimegandana, na shemeji anasema tuipeleke yote kuplastifia. Nisaidieni.

Fundi_Kenya

Uza, ezeka nyumba. Karatasi haizuii mvua 😂

Mama Parokia, Bukavu

Mwanangu, nimetunza vitabu vya ubatizo miaka mingi, na Bukavu hii unaijua kwa unyevu. Nikuambie kwanza usichofanya: USIPLASTIFIE. Ile mashine inapiga moto, plastiki inashikana na karatasi, na hakuna mtu atakayeitoa tena bila kuichana. Skochi nayo hapana. Baada ya miaka inageuka kahawia, gundi inazama ndani ya karatasi.

Lile bunda usilianike juani na usilivute kwa nguvu. Liweke mezani penye hewa, kivulini, ulipe muda. Karatasi zitakazoachia zenyewe, ziweke katikati ya karatasi nyeupe tupu, uzibadilishe kila siku. Zisizoachia, ziache hivyo hivyo. Ukiona ukungu, subiri ukauke kabisa, kisha toka nje, funga pua na mdomo kwa kitambaa, upanguse kwa brashi laini. Pini na vibanio vya chuma vitoe polepole, kutu inakula karatasi. Na sanduku liinue juu ya matofali, mbali na ukuta. Mchwa haupigi hodi.

Mwanafunzi_wa_Zamani, Unilu

Kabla ya kuzungumza bei: geuza mchoro mmoja. Nyuma kuna namba?

Mwana-Kamalondo

Nimetoka kugeuza. Zipo, kwa penseli nyekundu! Mama wa cherehani imeandikwa M.14, D.9, uk. 62. Nimefungua daftari ya 9 ukurasa wa 62, na yule mama yumo. Papa alimfuata miaka zaidi ya ishirini baadaye. Jina lake, mtaa aliokuwa anashona, namna alivyokimbilia kambi ya wakimbizi Baluba, watu wa Kasai, iliyolindwa na ONU, na treni aliyopanda 1962 kurudi Kasai. Cherehani aliiuza njiani kwa sababu ya unga. Nimekaa chini.

Mwanafunzi_wa_Zamani

Basi umeshajibiwa. Mnunuzi akichukua michoro peke yake, anabaki na mwanamke asiye na jina, na wewe unabaki na daftari inayoelekeza kwenye picha ambazo hazipo. Hapa hapa kwetu mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi miaka ya 1973 na 1974, zaidi ya picha 100, akamwuzia mwanaantropolojia Johannes Fabian. Picha leo ziko Amsterdam. Lakini Fabian alikaa naye, akarekodi maelezo yake ya kila picha, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Ndiyo maana picha zile bado zinasema. Papa yako alijirekodi mwenyewe.

Piga picha zote kwa simu, mbele na nyuma, karibu na dirisha, bila flashi. Usizipange upya kwa uzuri. Mpangilio aliouacha nao ni maandishi yake.

Maître wa Katuba

Nyongeza ya sheria, kwa sababu naona watu wanasahau. Kuuza karatasi si kuuza haki ya mtunzi. Kwa ordonansi (sheria) ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986, haki hiyo inabaki kwa warithi miaka 50 baada ya kifo. Na warithi ni nyinyi wote, si kaka peke yake. Fanyeni baraza la familia, mwandike, mtie sahihi. Mkipeleka makumbusho au chuoni, kuna kutoa moja kwa moja na kuna kuweka amana, vitu vikibaki vyenu. Msisaini kabla ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Bijou_K

Naomba kitu kimoja. Mama yangu alilala kwenye kambi ile. Kama daftari zina majina ya waliochoma nyumba za watu, tafadhali usiziweke Facebook. Watoto wao ni majirani zetu. Mwenye kuhifadhi aambiwe ni kurasa zipi zifungwe kwanza.

Mwana-Kamalondo

Yaya Bijou, majina yapo, nimeyaona. Sitayaweka popote.

Habari za nyumbani: kaka amesoma ukurasa wa 62 akiwa amesimama, akarudia. Kuhusu mnunuzi hajasema ndiyo wala hapana. Jana alikuja na matofali manne, akainua sanduku mwenyewe. Paa bado linavuja, tumetandika turubai. Baraza ni Jumamosi.

Mama Parokia, kwenye bahasha za kutilia michoro niandike kwa kalamu ya bik?

Mama Parokia, Bukavu

Penseli laini. Andika bahasha ikiwa tupu, ndipo uingize mchoro.